Kupunguza Ukubwa wa Picha kwa Kompyuta ya Nyumbani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mtu mwenye kompyuta ya kawaida nyumbani, iwe ya Windows, Mac au Linux, anayetaka picha za simu au kamera yake ziwe ndogo kiasi cha kutumwa kwa barua pepe, kupakiwa kwenye fomu ya mtandaoni au kuwekwa kwenye tovuti, bila kulipia programu na bila kuharibu picha ya awali. Majina ya menyu na vitufe yameachwa kama yanavyoonekana kwenye skrini, kwa sababu ndivyo msomaji atakavyoyakuta.

Mtu akisema picha ni "kubwa", anamaanisha pikseli au megabaiti?

Anaweza kumaanisha chochote kati ya hivyo viwili, na asilimia kubwa ya matatizo ya watu huanzia hapo. Picha ya dijitali ni jedwali la nukta za rangi ziitwazo pikseli. Simu nyingi hutoa picha yenye pikseli 4000 kwa upana na 3000 kwa kimo, yaani pikseli milioni 12. Kila pikseli ikihifadhiwa kwa baiti tatu, moja ya nyekundu, moja ya kijani na moja ya bluu, picha hiyo ingechukua baiti milioni 36. Hata hivyo, faili unalolikuta kwenye folda huwa na megabaiti chache tu, kwa kuwa JPEG, mfumo ambao kiwango chake kilitolewa mwaka 1992, hugawa picha katika vijisanduku vya pikseli nane kwa nane na kutupa taarifa ambazo jicho la binadamu halizioni kwa urahisi.

Kwa hiyo njia za kupunguza faili ni mbili: kupunguza idadi ya pikseli, au kuzibana zaidi pikseli zilezile. Ushauri wangu ni kuanza na pikseli kila mara. Skrini ya kompyuta ya kawaida ya 1920 kwa 1080 ina pikseli milioni mbili na kidogo, na haiwezi kuzionyesha zote milioni 12 kwa wakati mmoja hata ikitaka. Ukiipunguza picha ifikie kiasi ambacho skrini inaweza kukionyesha, mtazamaji hapotezi kitu. Ukiacha pikseli zote na kuminya ubora peke yake, unabaki na picha kubwa iliyojaa madoa ya mraba kuzunguka maandishi, kingo za majengo na nywele, na madoa hayo hayaondoki tena.

Kumbuka pia kwamba hesabu hii inakwenda kwa eneo. Ukigawa upana kwa mbili, kimo nacho hugawanyika kwa mbili, na pikseli zinazobaki ni robo. Picha ya 4000 kwa 3000 ikishushwa hadi 1600 kwa 1200 hubaki na asilimia 16 tu ya pikseli zake, na ndiyo maana faili hushuka ghafla kuliko watu wengi wanavyotarajia.

Nipunguze hadi pikseli ngapi?

Inategemea picha inakwenda wapi, na swali hilo lijibiwe kabla ya kufungua programu yoyote. Kwa kutuma kwa barua pepe ili mtu atazame tu, au kwa kuweka kwenye tovuti, upande mrefu wa pikseli 1600 unatosha, na ukitaka ijae skrini ya kawaida basi 1920. Faili litakalotoka, likihifadhiwa kama JPEG yenye ubora wa 85 kati ya 100, mara nyingi litakuwa nusu megabaiti au pungufu, ingawa picha yenye majani mengi, mchanga au umati wa watu huwa nzito kuliko picha ya anga tupu.

Gmail huweka kikomo cha megabaiti 25 kwa ujumbe mmoja, lakini viambatisho vinaposafiri hubadilishwa kuwa herufi na kuvimba kwa takribani theluthi moja. Picha tano za megabaiti tano kila moja, ambazo kwenye karatasi ni 25 kamili, hazitapita. Zikipunguzwa hadi 1600, utatuma hata thelathini na bado kuna nafasi.

Kwa kuchapisha kwenye karatasi hesabu ni nyingine kabisa. Kipimo kinachotumika sana kwa picha za kushikwa mkononi ni nukta 300 kwa inchi, hivyo picha ya sentimita 10 kwa 15 inahitaji takribani pikseli 1200 kwa 1800, na ukurasa mzima wa A4 unahitaji 2480 kwa 3508. Ikiwa unapeleka picha kwa mchapishaji, usipunguze kitu. Mpe faili la awali.

WhatsApp huipunguza na kuibana picha yenyewe unapoituma kwa njia ya kawaida, kwa hiyo kumtumia ndugu picha ambayo umeshaipunguza ni kuibana mara mbili. Ukitaka afikiwe na faili lako kama lilivyo, litume kama hati, si kama picha.

Nitumie programu ipi?

Kwa picha moja au mbili, huhitaji kupakua chochote. Windows inakuja na Paint: fungua picha, bonyeza Ctrl na W, chagua "Pixels", hakikisha alama ya kulinda uwiano imewekwa, andika upana mpya, kisha hifadhi kwa jina jingine. Kwenye Mac, programu ya Preview ina "Adjust Size" chini ya menyu ya "Tools". Zote mbili zinafanya kazi hiyo vizuri, ila hazikupi uhuru mkubwa wa kuchagua namna picha inavyopunguzwa.

Kwa kazi ya mara kwa mara kwenye Windows, naipendekeza IrfanView bila kusita. Iliandikwa na Irfan Škiljan, mzaliwa wa Bosnia aliyesomea Vienna, na imekuwa ikitolewa tangu mwaka 1996. Ni nyepesi mno, inafunguka haraka hata kwenye kompyuta ya zamani, na ina kitufe cha kupunguza picha nyingi kwa pamoja. Jambo moja la kuzingatia ni kwamba ni ya bure kwa matumizi ya nyumbani tu. Duka linalotoza watu kwa kuandaa picha za paspoti au kuchapa kadi linatakiwa kulipia leseni, hata kama programu yenyewe haitamzuia mwenye duka kuifungua.

GIMP ni programu kamili ya kuhariri picha, na ni huria kwa maana pana zaidi: yeyote anaweza kuitumia nyumbani au kazini, kuinakili, kuisambaza na kuibadilisha. Ilianzishwa na Spencer Kimball na Peter Mattis mwaka 1995 walipokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na leo inapatikana kwa Windows, Mac na Linux. Ni nzito zaidi na inachukua muda kuizoea, lakini mwenye biashara ndogo asiyetaka kuvunja masharti ya leseni ana sababu nzuri ya kujifunza hiyo.

Yoyote utakayochagua, pakua programu kutoka kwenye tovuti ya watengenezaji wenyewe, yaani gimp.org au irfanview.com, kwa kuandika anwani hiyo kwenye kivinjari. Mwaka 2022 lilionekana kwenye matokeo ya utafutaji ya Google tangazo lililojifanya la GIMP, ambalo liliwapeleka watu kwenye tovuti bandia yenye programu hasidi. Tangazo la juu kabisa si lazima liwe la mwenye mali.

Naomba hatua za kupunguza picha kwa GIMP.

Kwanza nakili picha unazotaka kuzifanyia kazi uziweke kwenye folda mpya, na folda ya awali uifunge usiiguse tena. Fungua nakala kwa GIMP, nenda kwenye menyu ya "Image", kisha "Scale Image". Utaona visanduku viwili, "Width" ambacho ni upana na "Height" ambacho ni kimo, na kando yake kuna alama ya mnyororo. Mnyororo ukiwa umeunganika, ukibadilisha upana kimo hufuata chenyewe. Ukiwa umekatika, kila upande hujitegemea, na hapo ndipo watu hupata picha za nyuso zilizorefuka au mabega yaliyotanuka. Andika 1600 kwenye upana ikiwa picha imelala, au kwenye kimo ikiwa imesimama, bonyeza kitufe cha Tab ili upande wa pili ujihesabu, kisha ubofye "Scale".

Baada ya hapo bonyeza namba 1 kwenye kibodi ili kuitazama picha kwa ukubwa wake halisi, kwa sababu picha iliyopunguzwa au kukuzwa na dirisha la programu haikuambii ukweli kuhusu ukali wake. Ukiridhika, tumia "Export As" kwenye menyu ya "File", au Ctrl, Shift na E kwa pamoja. Ctrl na S peke yake huhifadhi faili la XCF, ambalo ni la GIMP kwa ajili ya kazi inayoendelea, na fomu au simu ya mtu mwingine huenda isilifungue kabisa. Andika jina jipya linaloishia na .jpg, weka ubora kati ya 80 na 90, na umalize.

Kwenye dirisha la "Scale Image" kuna neno "Interpolation" lenye machaguo kadhaa. Lina maana gani?

Hili ni suala linalostahili kueleweka vizuri, kwani linaamua kama picha yako itatoka safi au itatoka na meno ya msumeno. Chukua picha ya mlango wa kuchongwa wa Mji Mkongwe, Zanzibar, iliyopigwa kwa pikseli 4000. Ina misumari mikubwa ya shaba iliyopangwa kwa safu, mistari membamba ya nakshi kwenye fremu, na nyufa za mbao. Ukiishusha hadi pikseli 800, upana unagawanywa kwa tano na kimo kwa tano, maana yake ni kwamba kila kundi la pikseli 25 litakuwa pikseli moja. Swali ni moja tu: hiyo moja iwe na rangi gani?

Ukichagua "None", programu huchukua pikseli mojawapo na kuzitupa nyingine 24 bila kuziangalia. Mstari mwembamba wa nakshi ukiwa umeangukia kwenye pikseli iliyochukuliwa, utabaki. Ukiwa umeangukia pembeni, utatoweka. Matokeo yake ni nakshi iliyokatikakatika na misumari ya shaba ambayo mmoja unaonekana wa duara na jirani yake kama mraba. Njia hii inafaa kwa michoro ya pikseli chache, kama alama ndogo za programu, na haifai kwa picha za kamera.

Njia nyingine, yaani "Linear", "Cubic", "NoHalo" na "LoHalo" kwenye GIMP, pamoja na ile iitwayo Lanczos kwenye IrfanView, hupima pikseli za jirani na kutafuta rangi inayoziwakilisha zote, kila moja kwa namna yake ya kugawa uzito. Lanczos hutoa picha kali, na mara chache huacha ukingo mweupe mwembamba kandokando ya kitu cheusi kilicho mbele ya anga. Mwongozo wa GIMP unashauri "NoHalo" pale unapoishusha picha chini ya nusu ya ukubwa wake, ambayo ndiyo hali ya kawaida kwa picha za simu. Kwa matumizi ya nyumbani, "Cubic" au "NoHalo" zote zitakupa matokeo mazuri. La muhimu ni kuiepuka "None".

Vitambaa vyenye mistari ya karibukaribu, kama kikoi, na mapaa ya makuti, vina tabia ya kuzalisha mawimbi ya ajabu ambayo hayamo kwenye kitu chenyewe pale picha inapopunguzwa. Ukiyaona, jaribu ukubwa tofauti kidogo, kwa mfano 1500 badala ya 1600, au badilisha njia ya kupunguza, na mara nyingi mawimbi hayo hutulia.

Picha yangu imepungua vizuri lakini inaonekana kama ina ukungu kidogo. Kwa nini?

Kwa sababu wastani wa rangi nyingi kuwa moja hulainisha kingo. Tiba yake ni kuinoa picha kidogo baada ya kuipunguza, si kabla, kwani ukali unaoongezwa kwenye pikseli 4000 hupotea tena zinapounganishwa. Kwenye GIMP nenda "Filters", kisha "Enhance", kisha "Sharpen". Weka "Radius" kati ya 0.5 na 1, na "Amount" karibu na 0.4, huku ukitazama picha kwa ukubwa wake halisi.

Kipimo kizuri ni maandishi. Piga picha ya kanga iliyotandazwa, ipunguze hadi upana wa 800, kisha usome jina lake chini ya mji. Herufi zikisomeka bila kuwa na ukingo mweupe unaozizunguka, umefika. Ukingo ukitokea, umezidisha. Wauza kanga wanaoonyesha bidhaa zao mtandaoni wafanye jaribio hili kila mara, kwa kuwa mnunuzi anataka kusoma jina kabla ya kuuliza bei.

Nina picha mia kadhaa za harusi. Je, nizifungue moja moja?

Hapana. Kwenye IrfanView, fungua programu na ubonyeze herufi B. Litatokea dirisha la kubadilisha picha nyingi. Upande mmoja unachagua folda na kuongeza picha zote kwenye orodha. Weka alama kwenye "Use advanced options", bofya "Advanced", kisha kwenye sehemu ya "Resize" chagua kupanga upande mrefu na uandike 1600. Chaguo hilo la upande mrefu ni muhimu, kwa sababu picha za harusi huwa mchanganyiko wa zilizolala na zilizosimama, na ukilazimisha upana wa 1600 kwa zote, zilizosimama zitatoka kubwa kuliko nyenzake. Weka pia alama ya kutozikuza picha zilizo ndogo. Mwisho kabisa, na hapa usiwe na haraka, taja folda tofauti ya kupokea matokeo, kisha uanze.

Watumiaji wa Windows 10 na 11 wana njia nyingine katika PowerToys, mkusanyiko wa zana za bure kutoka Microsoft. Ukishaisakinisha, unachagua picha kwenye folda, unabofya kwa kitufe cha kulia cha kipanya, na unakuta chaguo la kupunguza ukubwa. Bila kuambiwa vinginevyo hutengeneza nakala na kuacha za awali.

Kwa Linux, na kwa asiyeogopa kuandika amri, ImageMagick haina mpinzani. Mradi huu ulianzishwa na John Cristy mwaka 1987 alipokuwa akifanya kazi katika kampuni ya DuPont. Tengeneza folda iitwayo ndogo ndani ya folda ya picha, fungua dirisha la amri (Terminal) ndani ya folda hiyo ya picha, kisha uandike:

magick mogrify -path ndogo -auto-orient -resize "1600x1600>" -quality 85 *.jpg

Alama ya > inaiambia programu isiziguse zilizo ndogo tayari kuliko 1600, na sehemu ya -path ndiyo inayopeleka matokeo kwenye folda ya pili. Ukiisahau, mogrify huandika juu ya picha za awali papo hapo bila kukuuliza, na hakuna kitufe cha kutengua. Kwenye matoleo ya zamani, neno magick la mwanzo huachwa na amri huanza na mogrify.

Studio ilinichapia picha za sentimita 10 kwa 15 na vilemba vya akina mama vimekatwa juu. Je, ni kwa sababu nilizipunguza?

Sababu yake ni uwiano wa pande. Picha ya simu ya 4000 kwa 3000 ina uwiano wa nne kwa tatu, wakati karatasi ya 10 kwa 15 ina uwiano wa tatu kwa mbili. Ili kuijaza karatasi, mashine inalazimika kubakiza pikseli 2667 tu kati ya 3000 za kimo, na hizo 333 zilizobaki hukatwa juu na chini bila kujali kuna nini hapo. Ikate picha mwenyewe kabla ya kuipeleka: kwenye GIMP chukua zana ya kukata, funga uwiano wa 3:2, kisha usogeze fremu hadi vilemba vyote viwe ndani. Ikiwa hakuna nafasi, mwombe mchapishaji aache ukingo mweupe pembeni.

Fomu ya mtandaoni inataka picha isiyozidi kilobaiti kadhaa. Nifanyeje bila kuiharibu?

Mfano unaofahamika na wengi Afrika Mashariki ni bahati nasibu ya visa ya Marekani. Maelekezo yake kwa miaka mingi yametaka picha ya JPEG ya mraba, yenye pikseli kuanzia 600 kwa 600 hadi 1200 kwa 1200, isiyozidi kilobaiti 240, na kichwa kikichukua asilimia 50 hadi 69 ya kimo cha picha. Masharti hubadilika, kwa hiyo soma ya mwaka husika, lakini utaratibu wa kuyatimiza ni uleule.

Anza kwa kukata mraba kutoka kwenye picha ya awali, ukihakikisha kichwa kina nafasi inayotakiwa. Kisha punguza mraba huo hadi 900 au 600. Baada ya hapo ndipo unahifadhi, na kwenye dirisha la kuhifadhi JPEG la GIMP, ukiweka alama ya kuona picha itakavyotoka, programu itakuonyesha ukubwa wa faili kabla hujalitoa. Shusha ubora taratibu kutoka 90 hadi faili liwe chini ya kikomo. Kwa 600 kwa 600 mara nyingi hutahitaji kushuka kabisa. Mtu anayepambana kufikisha kilobaiti 240 kwa picha ya pikseli 4000 anaishia kwenye ubora wa kumi au ishirini, uso umejaa vijisanduku, na fomu inamkataa kwa sababu pikseli zimezidi vilevile. Kukata na kupunguza kunaruhusiwa. Kulainisha ngozi au kubadilisha umbo la uso ni jambo jingine, na usilifanye kwa picha za utambulisho.

Nihifadhi kama JPEG, PNG au WebP? Na HEIC ni nini?

Picha za kamera ziwe JPEG. PNG haipotezi chochote inapobana, kwa hiyo inafaa kwa nembo, michoro na picha za skrini zenye maandishi, lakini picha ya watu ikihifadhiwa kama PNG huwa nzito mara kadhaa bila faida inayoonekana. WebP, iliyotolewa na Google mwaka 2010, hutoa mafaili madogo kuliko JPEG na inafaa kwa tovuti, ila baadhi ya fomu za serikali na benki haziipokei. HEIC ndiyo mfumo ambao iPhone zimekuwa zikiutumia tangu iOS 11 ya mwaka 2017. GIMP huifungua tangu toleo 2.10.2 la mwaka 2018, na ukishaifungua unaihifadhi kama JPEG kwa hatua zilezile zilizoelezwa juu.

Nikibadilisha 72 kuwa 300 kwenye sehemu ya "Resolution", picha itakuwa bora zaidi?

Haitabadilika hata pikseli moja. Namba hiyo ni maelezo tu kwa printa kuhusu nafasi kati ya nukta kwenye karatasi. Picha ya 1200 kwa 1800 ni ileile ikiandikwa 72 au 300.

Je, ninaweza kuikuza picha ndogo?

Unaweza kuongeza pikseli, huwezi kuongeza taarifa ambayo kamera haikuikamata. Zipo programu huria kama Upscayl zinazotumia akili mnemba kukisia maelezo yanayokosekana, na kwa mandhari au ukuta zinavutia. Kwa sura ya mtu hali ni tofauti, kwa kuwa programu hubuni ngozi, meno na macho, na picha ya marehemu babu inaweza kurudi ikiwa na uso wa mtu asiyewahi kuwapo. Ikiwa ni picha ya zamani ya karatasi, tafuta ile ya karatasi uiskani upya kwa kipimo cha juu.

Kwa nini picha hugeuka ubavu baada ya kupunguzwa?

Simu nyingi huhifadhi picha ikiwa imelala na kuandika ndani ya faili kwamba ionyeshwe ikiwa imesimama. Maelezo hayo yakifutwa kabla pikseli zenyewe hazijageuzwa, picha hulala. GIMP ikikuuliza unapofungua kama iigeuze, kubali.

Je, kupunguza picha huondoa taarifa za mahali ilipopigwa?

Si lazima, na hili ningependa kila anayeweka picha hadharani alijue. Ndani ya faili la picha kuna maelezo yaitwayo EXIF: aina ya kamera, tarehe na saa, na kama huduma ya mahali imewashwa kwenye simu, latitudo na longitudo za pale uliposimama. Mtu anayeuza sofa mtandaoni kwa picha aliyopiga sebuleni anaweza kuwa ametangaza nyumba yake ilipo. Kwenye GIMP, ondoa alama ya kuhifadhi EXIF na XMP (maelezo mengine ya aina hiyo) kwenye dirisha la kutoa JPEG, pamoja na ile ya kijipicha cha ndani, kwa sababu kijipicha cha zamani kinaweza kubaki na sehemu ulizokwisha kuzikata. Kwenye IrfanView, ondoa alama ya kubakiza EXIF unapohifadhi. Nakala ya nyumbani acha iwe nazo, maana tarehe za picha ni hazina ya familia.

Kuna tovuti zinazopunguza picha bila kusakinisha kitu. Zina ubaya gani?

Nyingi hukutaka upakie picha nzima kwanza, jambo linalomaliza bando na kuiacha picha yako kwenye kompyuta ya mtu usiyemjua. Kwa picha ya ua au mlima si neno. Kwa kitambulisho, cheti cha kuzaliwa au picha za watoto, fanya kazi hiyo nyumbani. Squoosh, iliyotengenezwa na wahandisi wa Google, ni tofauti kwa kuwa hufanya kazi ndani ya kivinjari chako na picha haiondoki kwenye kompyuta.

Nimehifadhi picha ndogo juu ya ile ya awali. Je, naweza kuirudisha?

Kama dirisha la programu bado halijafungwa, bonyeza Ctrl na Z hadi picha irudi katika ukubwa wake, kisha uihifadhi kwa jina jingine hapohapo. Kama limefungwa, tazama kwanza kwenye simu au kadi ya kamera ilikotoka, halafu kwenye Google Photos au iCloud ikiwa simu yako hupeleka nakala huko. Kadi ya kamera iliyofutwa lakini haijapigiwa picha nyingine inaweza kusomwa kwa PhotoRec, programu ya bure inayotafuta picha zilizofutwa. Usiitumie kadi hiyo kwa lolote mpaka umalize, na picha zinazopatikana zielekeze kwenye diski tofauti. Nakala iliyowahi kutumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida itafuteni mwisho kabisa, kwa kuwa nayo ilishapunguzwa, ingawa mara nyingine inaweza kuwa kubwa kuliko hiyo uliyobaki nayo.